Onésime, Mpiga Gitaa wa Waskoti

Tangu tumzike kaka yangu Onésime Kambale, mwezi wa tano mwaka huu wa 1998, watu wananiuliza jambo moja. Wa hapa Brussels, wale wa makanisa mengine, wananiuliza kwa adabu, baada ya ibada, wakiwa bado wamenishika mkono. Wa kule kwetu Butembo, Kongo, wanauliza bila kuzunguka, simu inapopatikana: alikufa amerudishwa kwenye Meza ya Bwana, au alikufa chini ya nidhamu? Habari iliyofika kule ni kwamba Onésime aliacha kanisa akaenda kupiga muziki wa baa na Wazungu wanaovaa sketi. Nimechoka kueleza kipande kipande. Nitaandika yote mara moja, kama nilivyoyaona, na Mungu ni shahidi wangu.

Asiyelijua kanisa letu aelewe kwanza nidhamu ni nini. Mshirika aliyekosa hafukuzwi. Anakuja Jumapili kama wengine, lakini anakaa benchi la nyuma. Haimbi katika kwaya wala haombi kwa sauti, na siku ya Meza, mkate na kikombe vinampita. Akifa katika hali hiyo, pasta hamziki kwa jina la kanisa na kwaya haiimbi. Ili arudi, sharti asimame mbele ya watu wote na kutaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Wazazi wetu walilelewa hivyo Butembo, na sisi tulikuja na desturi hiyo huku Ulaya pamoja na vitabu vya nyimbo.

Kaka yangu alifika hapa kabla yangu. Alikuja kusomea umeme, masomo yakamshinda kwa sababu ya karatasi za ukaazi, akaishia kufanya kazi katika nyumba ya wazee kule Auderghem. Aliwaosha, aliwainua, aliwalisha. Jioni alirudi nyumbani Saint-Josse akiwa amesinzia ndani ya tramu, na mara nyingi alipitiliza kituo chake. Mke wake, Alphonsine, alikuwa akimwekea chakula kwenye sahani mbili zilizofunikana, na mimi niliyeishi nao nilijifunza kutomsemesha mpaka ale. Hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Jambo moja tu lilimwamsha, nalo ni gitaa. Alijifunza kwenye kwaya ya misheni, kwa vijana waliokuwa wakiondoa waya wa nne na kuweka waya mwembamba mahali pake, ili ulie juu kabisa. Sisi tunaita *mi-composé*. Kwa mtindo huo gitaa moja husikika kama magitaa mawili. Katika Kwaya ya Bethania hapa Brussels, hakuna wimbo ulioanza bila yeye.

Ukumbi wa kanisa letu tunaupanga kutoka kwa wenye jengo, na wengine pia wanaupanga. Jumamosi moja ya mwaka 1995 Onésime alienda mapema kupanga viti kwa ajili ya mazoezi ya kwaya, akakuta watu ndani. Walikuwa watatu. Fergus, Mskoti mnene mwenye ndevu nyekundu, mwalimu wa shule, alikuwa amekumbatia zumari lao la mfuko. Catriona, mwanamke mwembamba aliyefanya kazi ya kutafsiri katika ofisi za Ulaya, alipiga violini na kuimba kwa Kigaeli, lugha ya visiwa vya kwao. Hervé, Mbelgiji, alikuwa na kinanda cha umeme na mashine inayopiga ngoma yenyewe. Walichukua nyimbo za kale za kucheza, za babu zao, wakaziweka juu ya ile mashine. Jina la bendi yao ni la Kigaeli na sijawahi kuweza kulitamka. Nyumbani tulisema tu: bale ba-Écossais, yaani wale Waskoti.

Onésime alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Kisha akamwuliza Fergus kwa Kifaransa, kwa upole, hiyo mbuzi wataichinja lini. Fergus alicheka hadi upepo ukamtoka kwenye mfuko, zumari likafa kwa sauti mbaya kama ya mnyama kweli, na hapo wote wakashindwa kujizuia. Kaka yangu alipotusimulia jioni ile alikuwa anacheka bado. Sisi wawili tulitazamana, Alphonsine na mimi. Hatukukumbuka mara ya mwisho alipocheka siku ya kazi.

Jumamosi iliyofuata alienda mapema zaidi, na gitaa. Alinieleza kwamba zumari lile lina shida: sauti yake haibadiliki. Haiko sawa na kinanda, haiko sawa na kitu chochote, na huwezi kuliambia lishuke au lipande. Mabomba yake makubwa yanashikilia sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mtu mwingine ndiye anayelifuata. Wapiga gitaa wawili walikuwa wamejaribu kabla yake wakakata tamaa. Onésime alikaa kwenye kiti, akalegeza nyuzi zote, akazipandisha moja moja akisikiliza ile sauti moja isiyokatika, na alipoufikia ule uzi wa nne, Catriona alishusha violini yake akamtazama.

Baadaye alisema si jambo geni kwake. Babu yetu alikuwa mpiga filimbi za eluma, zile ambazo kila mtu anashika filimbi yake yenye sauti yake ndogo, na wimbo unazunguka kwa wote. Babu aliziacha siku ya ubatizo kwa sababu wamisionari walisema ni mambo ya giza. Kaka yangu alizisikia akiwa mtoto, mbali, upande wa pili wa kilima, wakati wa mavuno. Aliniambia, "Kahambu, zile nyimbo za ba-Écossais zinazunguka vilevile. Nilijua mahali pa kuingia."

Basi akawa mtu wao. Jumamosi alipiga nao, wao walipoondoka alibaki kupiga na kwaya, mikono ileile, kiti kilekile. Alphonsine alilalamika, lakini malalamiko yake yalikuwa na kicheko ndani.

"Papa Onésime, wewe na iyo mbuzi ya Wazungu, siku moja mutalala kitanda kimoja."

"Bon, angalau mbuzi aiongei," akamjibu.

Nilienda kuwasikia mara moja, katika ukumbi wa utamaduni, pahali pasipo na pombe. Siku hiyo Fergus alivaa sketi, ni kweli. Mashine ya Hervé ilipiga chini, nzito, kama muziki wa vijana wa siku hizi. Zumari likaingia juu yake, likajaza nyumba mpaka nikalisikia kifuani. Nilidhani gitaa halitasikika tena. Lakini lilisikika, jembamba, likipita katikati kama mtu anayejua njia ya sokoni. Kaka yangu alikuwa amefumba macho. Niliyemzoea akisinzia mezani na kijiko mkononi, nilimwona ameketi wima kama kijana. Nilimshukuru Mungu palepale. Sioni aibu kulisema.

Mambo yaliharibika mwaka uliofuata, miezi ya baridi ilipokuwa inaanza. Bendi ilialikwa kupiga katika mkahawa mmoja kule Forest, wenye jukwaa na baa. Onésime alimwambia pasta wetu, Bertin, kwamba ataenda, na kwamba yeye anakunywa Fanta. Pasta hakupenda, lakini hakukataza. Wengi wetu tunafanya kazi mahali penye pombe. Tunaosha vyombo vya mikahawa, tunasafisha hoteli. Jambo hilo lingepita.

Lakini Fergus alitaka kumheshimu kaka yangu. Alipochapisha tangazo la rangi, aliandika jina la kila mmoja na mahali alikotoka, na mbele ya jina la Onésime akaandika: wa Kwaya ya Bethania. Kwao kuandika hivyo ni sifa. Na chini ya jina hilo, kwa sababu kiwanda cha bia ndicho kilicholipia karatasi, palichorwa glasi kubwa ya bia inayotoa povu.

Shemasi Jean-Marie aliliona dirishani mwa duka la Saint-Josse ambako sote tunanunua unga wa muhogo. Alisimama hapo na mfuko wake, watu wa kanisa wakipita na kuona. Jean-Marie si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeianzisha kwaya ile, akiwa na waimbaji wanne na bila chombo chochote. Na ilikuwa majuma yaleyale ambapo vita viliingia kwetu Kivu. Kila ibada tulikuwa tunalia, wengine hawakujua mama zao wako wapi. Kuona jina la kwaya juu ya povu la bia, wakati ule, kulimkata.

Wazee wa kanisa walimwita Onésime. Mimi na Alphonsine tuliruhusiwa kukaa nyuma. Maswali yalikuwa mengi, lakini moja tu lilikuwa na uzito, na Jean-Marie ndiye aliyeliuliza, kuhusu lile tangazo.

"Papa Onésime, ile affiche uliiona mbele ya kuipachika, ao hapana?"

"Hapana. Sikuiona."

"Ba-Écossais balitumia jina ya kwaya bila kukuuliza?"

"Ndiyo. Balifikiri ni heshima."

Jean-Marie alisema waziwazi kwamba hamwamini. Pasta akamnyamazisha. Mwishowe walimweka chini ya nidhamu kwa kosa la kupiga muziki wa dunia mahali pa ulevi na kulichafua jina la kanisa. Walimwambia atakaposimama na kukiri kwamba muziki ule ulikuwa dhambi, atarudishwa. Alikubali kukaa benchi la nyuma. Kusimama hakukubali.

Fergus aliposikia aliumia sana. Alitaka kuomba msamaha mwenyewe, na kwao mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Akaja baada ya ibada, amevaa tai, amechana ndevu, akampa pasta chupa ya wiski ya kisiwani kwao ndani ya boksi zuri. Pasta alilishika lile boksi mbele ya washirika wote akiwa hajui aliweke wapi. Jean-Marie alilichukua, akaenda kuimwaga ile wiski kwenye karai la jikoni la ukumbi, na Jumapili iliyofuata tuliimba zaburi huku jikoni kukinuka kama baa ya Forest. Onésime peke yake, kule nyuma, mabega yalimtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Hata hivyo, kesi yake haikusonga mbele.

Catriona hakucheka. Alikuja nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini. Alisema babu yake alikuwa mzee wa kanisa kisiwani, kanisa ambalo hata kinanda hakiingii, ambako mtu mmoja anautoa mstari wa zaburi na wengine wanaufuata. Babu huyo alikuwa mpiga violini hodari. Alipookoka aliitundika ukutani, hakuigusa tena mpaka alipokufa, na watoto walikatazwa kuitazama sana.

"Mimi niliishusha ukutani," alisema. "Na siku niliyoishusha niliacha kwenda kanisani. Nyumbani kwetu haikuwezekana kuwa na vyote viwili."

Kaka yangu alimwuliza kama anajuta. Akajibu kwamba Jumapili ni siku ndefu. Onésime akamwambia yeye hataki kulitundika gitaa lake, na hataki pia Jumapili ndefu. Hilo ndilo lililokuwa linamtesa kuanzia hapo mpaka mwisho wake. Alitaka kurudi Mezani bila kumwambia Mungu kwamba kile alichomshukuru kwacho kilikuwa dhambi.

Mwaka mzima ulipita hivyo, na zaidi. Kwaya ilipata kijana mwingine wa kupiga gitaa, alikuwa anajitahidi. Onésime aliendelea kupiga na bendi, ingawa hakwenda tena penye baa, na aliendelea kuja kanisani. Kila siku ya Meza nilikuwa nageuka kidogo nimwone. Sinia la vikombe lilifika benchi lililo mbele yake, likarudi.

Halafu akaanza kuvimba miguu. Alikuwa akipanda ngazi za nyumba yetu na kupumzika kila pembe, mkono ukutani. Daktari alisema moyo wake umepanuka na hauna nguvu, na kwamba ungeweza kusimama wakati wowote. Waliompa dawa walimwambia aache kazi ya kuinua watu. Akaacha kazi, kisha bendi, kwa sababu gitaa lenyewe lilimkalia zito mapajani. Waskoti walikuja kumsalimu kwa zamu. Fergus alipandisha mifuko yetu ya soko bila kuombwa, wala hakuleta tena chupa.

Juma moja kabla ya Pasaka ya mwaka huu, Pasta Bertin alikuja. Naye alikuwa mtu aliyechoka. Tangu vita vianze alikuwa amehubiri katika matanga mengi zaidi yasiyo na maiti kuliko yenye maiti. Alikaa kando ya kitanda, akavua miwani.

"Papa Onésime, mambo iko simple. Unasimama, unasema, 'Ile muziki ilikuwa zambi.' Maneno kidogo tu. Siku ya Pasaka unakula na benzako. Donc, usituache tukuzike kama muntu wa inje."

Alphonsine alimwambia sema, papa, sema tu, kwa nini unatutesa. Mimi pia nilimsihi. Nilifikiria mama yetu kule Butembo, jinsi atakavyosikia kwamba kwaya haikumwimbia mwanawe.

"Pasta," kaka yangu akasema, "nikidanganya ili nipate mukate ya Bwana, nitakuwa nimekula nini?"

Pasta alivaa miwani yake. Aliomba, akaenda zake. Onésime aligeukia ukuta. Siku zile za juma takatifu nilijua kwamba anaongea na Mungu, kwa hiyo nilimwacha.

Asubuhi ya Pasaka alitaka avalishwe suti. Alphonsine na mimi tulimshusha ngazi tukimshika huku na huku, na njia ambayo mtu mwenye afya hutembea huku akipiga soga ilituchukua muda wote wa wimbo wa kwanza na wa pili, maana tulipofika walikuwa tayari kwenye wa tatu. Alikaa benchi lake la nyuma. Pasta alipouliza kama yuko mtu mwenye neno kabla ya Meza, niliona mkono wa kaka yangu umepanda. Akasimama, ameshikilia benchi lililo mbele yake.

Alisema kwa kusitasita, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. Alisema, "Bandugu, kuhusu gitaa siombi musamaha. Nilimushukuru Mungu kwa ile muziki na ningali namushukuru. Lakini ile affiche niliiona. Fergus alinionyesha mbele ya kuichapa, akaniuliza kama ni vizuri. Niliona jina ya kwaya yetu kwa rangi, niliona na bia. Nilifurahi kwa ajili ya jina, nikanyamaza. Kisha nikabadanganya bazee. Papa Jean-Marie alisema ukweli, na mimi nikamuacha aonekane muntu mubaya. Kwa ile naomba musamaha."

Hakuna aliyekuwa akijua, si mimi, si Alphonsine. Watu walianza kunong'ona. Mzee mmoja wa mbele alisimama akasema kwamba hii ni kesi nyingine kabisa: aliyetakiwa kukiri muziki hakukiri, na sasa ameongeza uongo juu yake, basi kwa kanuni nidhamu inaanza upya. Kaka yangu hakuketi.

Pasta Bertin alitazama kitabu cha kanuni kilichokuwa mbele yake, akakifunga. Akasema, "Muntu anaomba musamaha ya kitu alifanya. Huyu ameomba. Shemasi Jean-Marie, ni wewe alikukosea. Unasema nini?"

Jean-Marie alikuwa amesimama kando ya Meza, sinia la vikombe vidogo mikononi. Badala ya kujibu, aliuacha mstari wa mbele ambako huanzia siku zote, akatembea na sinia lake katikati ya ukumbi hadi benchi la nyuma.

Mikono ya Onésime haikuweza kukishika kikombe. Kilicheza, kikamwagika kidogo kwenye koti. Jean-Marie alimpa Alphonsine sinia alishike. Aliweka kiganja chake nyuma ya kichwa cha kaka yangu, kama Onésime mwenyewe alivyokuwa akiwafanyia wazee wa Auderghem, akakipeleka kikombe mdomoni pake.

"Kunywa, papa," alimwambia. "Polepole. Kuko muda."